Mirija Tisa, Chungu Kimoja

Jumanne, 18 Februari

Mélissa amenipa daftari hili na kalamu mbili. Amesema niandike kila siku nimekula nini, nimekunywa nini, nimetapika au sikutapika. "Mistari mitatu inatosha, Muzee Radjabu." Nimemwambia, binti, mimi niliacha shule darasa la nne kwa sababu mwalimu alinikataza kupita mistari mitatu. Uongo. Niliacha kwa sababu nilimrushia mwalimu dasta ikampata sikioni. Lakini kalamu ni zake, karatasi ni zake, na mimi siku hizi nina muda mwingi kuliko nywele.

Basi andika, Radjabu. Fundi wa magari, mtaa wa Buyenzi, miaka sabini na miwili. Katika utumbo mkubwa kuna uvimbe. Daktari aliuchora kwenye karatasi, nikaona umefanana na nati iliyoliwa na kutu. Kila Jumanne napelekwa hospitali huko Kamenge kutundikiwa shimio, ile dawa ya kansa inayopita kwenye mshipa. Inaingia taratibu kama mgeni mwenye adabu, halafu ikifika ndani inavunja sahani zote.

Mélissa anafanya utafiti wa mubirizi. Ni lile jani chungu ambalo mama zetu walitunywesha kwa nguvu, mmoja kakushika pua, mwingine kakukalia miguu. Anataka kujua kama linapunguza kutapika na kumrudishia mtu hamu ya kula wakati yuko kwenye shimio. Amerudia mara tatu, kidole juu kama shehe: "Jani halichukui nafasi ya shimio. Linatembea pembeni yake tu."

Tuko wagonjwa tisa. Wengine wamepewa vifuko vya unga wa mubirizi. Wengine wamepewa unga wa rangi ileile, uchungu uleule, ambao si dawa ya kitu chochote. Nani kapata nini, hata yeye hajui. Nikamuuliza, kwa hiyo nusu yetu mnatudanganya? Akasema huo si udanganyifu, ni sayansi. Sawa. Nilipokuwa nauza karbureta kuukuu kama mpya, kumbe nilikuwa mwanasayansi.

Nilikula: ugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Nilitapika: ndagala.

Jumatano, 19 Februari

Ndizi moja. Imerudi.

Jumanne, 25 Februari

Leo shimio limenipiga kama mwizi wa kuku. Nilitoka pale nimeshika ukuta. Nje mvua nayo ilikuwa inapiga, imeng'oa bati la kibanda cha muuza maandazi na kulitupa barabarani. Bati likamkata mbwa. Mbwa alizunguka na damu yake mpaka akalala.

Twende kwenye jambo lenyewe. Kati yetu tisa kuna Adélaïde, mimi namwita Mama Maxime. Mjane, kansa ya titi, mdomo mkali kama wangu. Nyumba yake iko nyuma ya hospitali, karibu sana, na uani kuna paa la kujikinga mvua. Mwanae Maxime nilimfundisha ufundi mimi mwenyewe. Alikuja gereji kwangu hajui kushika spana, akatoka anaweza kufungua injini kwa kusikiliza. Siku alipomaliza nilimpa spana yangu kubwa, ishirini na nne, iliyochongwa R kwenye mpini. Sasa yeye ndiye anayetupeleka hospitali kila Jumanne, mimi na mama yake, hata kama kwa mama yake ni hatua chache, kwa Toyota yake yenye mlango wa rangi nyingine. Kijana wa dhahabu. Angekuwa wangu ningemringia watu msikitini.

Tulikuwa uani kwa Mama Maxime, wote tisa, tunangoja mvua ipungue, kila mmoja kakumbatia vifuko vyake kama yai. Mmoja akasema, pengine vyangu ni vile vya uongo. Mwingine akaanza kulia. Nikasimama.

"Sikilizeni. Nani hapa anakunywa peke yake? Anayekunywa peke yake ni mchawi. Mama Maxime, chungu cha pombe kiko wapi?"

"Radjabu, we ni Muislamu. Chungu cha pombe unakitakia nini?"

"Tumwage vifuko vyote humo na maji ya moto, tuchomeke mirija, tunywe wote. Hapo hakuna mwenye cha kweli wala mwenye cha uongo."

Nitasema ukweli, maana daftari halina masikio. Miaka sabini nimekuwa nikiwatazama Wakristo wa mji huu wamezunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake wa tete, vichwa vimekaribiana, wanavuta, wanacheka. Nimeonea wivu ile mirija kuliko pombe yenyewe. Leo nimeipata, halali kabisa.

Mirija tisa. Dawa yenyewe ilikuwa chungu kama talaka. Iliyobaki tuligawana kwenye chupa, kila mmoja ya kwake ya wiki nzima. Tukaapa: Mélissa asijue.

Nilikula: wali. Nilitapika: nusu ya wali.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeingia. Mimi nimesamehewa kwa ugonjwa. Nimekula maandazi saa sita mchana barazani, polepole, ili jirani yangu anione vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Vifuko havitoshi chungu. Mama Maxime amemwita Darius atuongezee majani mabichi.

Darius ndiye mchumaji wa Mélissa. Mtu wa Buterere, kule bondeni, mrefu, mwembamba kama mpini wa jembe. Anachuma mubirizi kwenye kingo za mashamba ya mpunga, anaukausha, anauleta kwa gunia. Ana mbuzi wawili na mke, na anaongea kana kwamba maneno yanakatwa kodi. Mimi simpendi mtu asiyejibu utani.

"We Darius, unatulisha chakula cha mbuzi."

"Mbuzi wangu hawafi, muzee."

Haya, alijibu.

Huku kwetu anayetoa kinywaji anaonja kwanza, watu waone koo lake likishuka, wajue hamna kitu kibaya ndani. Hata akiwa mama yako, anaonja. Darius akainama, akavuta mrija mara moja, akameza, akafungua mdomo tuone. Ndipo sisi tukashika mirija yetu.

Mama Maxime alisema wiki nzima hajatapika. Amekula maharage, amekula mpaka nyama. Nikampigia makofi.

"Basi chungu chetu kimelibwaga shimio, mgongo mchangani! Unarudi kule kufanya nini? Niachie kile kiti chako cha dirishani."

Watu walicheka mpaka mmoja akakohoa damu, tukamfuta, tukaendelea kucheka. Mama Maxime alicheka wa mwisho.

Jumanne, 11 Machi

Leo hospitali kiti cha dirishani, cha Mama Maxime, kilikuwa wazi.

Nilimkuta uani kwake anachochea moto.

"Mama Maxime, Maxime amekushusha mlangoni pamoja na mimi, nimekuona. Ukaenda wapi?"

"Nimepita geti la nyuma. Si ulisema nikuachie kiti?"

"Nilitania, bwana."

"Mi sikutania. Ile dawa inanichoma mpaka kwenye kucha, Radjabu. Naota inanichoma. Nimewaambia manesi naenda kutibiwa Kigali kwa dada yangu, wamenifungia dosiye, faili langu lote. Kwa Mélissa nitapanda tu mizani, kama kawaida." Akaninyooshea mwiko. "Usimwambie Maxime. Atanibeba mgongoni mpaka kule."

Nilipaswa kusema neno hapo. Nilicheka. Nikamwambia kiti chako ni kizuri, kinaona mti na wauguzi wazuri wakipita.

Jumamosi, 15 Machi

Sijaona, mke wangu, amenirushia kijiko. Nilisema futari yake ina ladha ya shimio.

Jumanne, 18 Machi

Nimeongezeka kilo moja na nusu. Mama Maxime kilo mbili. Mélissa anakuna kichwa kwa kalamu: "Mmenisomea madaftari tisa, yote yanasema kitu kimoja. Haiwezekani. Ilitakiwa watu watofautiane."

"Binti, labda sisi ni mapacha."

Hakucheka. Ana jicho la kutazama mtu mpaka mtu ajichunguze vifungo. Nilidhani ni mtoto wa vitabu tu. Kumbe anaona, ila hajui anachokiona.

Nilikula kila kitu. Nilitapika: hapana.

Jumanne, 25 Machi

Macho ya Mama Maxime yamekuwa ya njano. Nikamuuliza amekula maembe mangapi. Akasema, "Nyamaza leo." Tumbo limejaa kama ngoma, na mrija aliushika kwa mikono miwili.

Darius alimtazama, akaniita pembeni. "Muzee, huyu arudi kwa madaktari. Jani haliwezi hii."

Nikamwambia, wewe chuma majani, usichume maneno.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Pilau ya Sijaona. Nilikula, nilitapika, nilikula tena kwa hasira.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua siku tatu. Buterere imezama. Maji yameingia usiku, yamechukua kuta za udongo, vitanda, kuku. Jirani wa Darius ameuawa na ukuta wake mwenyewe. Darius amebakiwa na chumba kimoja na mbuzi mmoja. Jana alikuja Kamenge amelowa mpaka kifuani, gunia la majani kichwani. Mama Maxime hakuweza kutoka kitandani. Darius alimnywesha kwa kijiko, lakini kwanza akaonja mwenyewe, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwangalia ila mimi.

Jumanne, 8 Aprili

Mama Maxime alikufa Jumapili asubuhi, akipiga kelele. Sitaandika kelele zile. Tumemzika leo, kaburi limejaa maji, wamelikausha kwa ndoo, likajaa tena, wakamshusha hivyo hivyo. Jeneza lilielea kidogo. Maxime aliruka ndani akasimama juu yake mpaka likashuka, na huku anamtukana Mungu kwa lugha tatu.

Baada ya mazishi alianza kuuliza. Mama alikuwa ananenepa, anakula, imekuwaje wiki mbili tu? Alikunywa nini? Mjomba wake akasema, si yule mutu wa Buterere aliyekuwa anamuletea majani mabichi? Neno sumu likatoka kwenye mdomo mmoja, likaingia kwenye kumi. Nililiona likipita uani kama moto kwenye nyasi.

"Patroni," Maxime akaniambia, ndivyo anavyoniita tangu alipokuwa mwanafunzi wangu gereji, "we ulikuwa unakunywa naye. Kweli huyo Darius alileta majani?"

"Alileta," nikasema.

Nikanyamaza hapo. Mimi niliyeongea maisha yangu yote.

Alhamisi, 10 Aprili

Sijaona kasema nilale. Nitaandika.

Saa nne asubuhi Maxime alikuja na Toyota. Ndani kulikuwa na mjomba wake na vijana wawili wa gereji. "Patroni, panda. Kwa Darius sipajui. Tunaenda kumuuliza tu." Nilikuwa nimepajua tangu siku nilipompelekea betri. Nikapanda. Nilijiambia wataongea. Nilijiambia hivyo kwa sauti ndani ya kichwa, mara nyingi, ili nisisikie kitu kingine.

Darius alikuwa anatoa tope chumbani kwa sahani ya bati. Alituona, akasalimia, akanifutia kigoda nikae. Mimi.

Maxime akamuuliza, "Ulimupa mama nini?"

"Mubirizi. Na mi mwenyewe nilionja."

"Ulionja cha kwako. Chake ulitia nini?"

"Uliza muzee. Muzee anajua yote."

Wote wakageuka kunitazama. Na mimi, Radjabu, mdomo wa Buyenzi yote, nikatazama sahani ya tope.

Maxime alitoa spana kwenye mfuko wa nyuma. Niliona herufi yangu kwenye mpini. Ya kwanza ilimpata begani, nikasikia mfupa. Ya pili mbavuni. Darius hakukimbia, alijaribu kumfunika mkewe aliyekuwa anamvuta. Vijana wakamtoa mke kwa nywele. Wakamburuta Darius mpaka kwenye shamba la mpunga, wakampiga mateke ndani ya maji, kichwa kinazama, kinatoka, kinazama. Majirani walikuja. Nilidhani wanakuja kuamulia ugomvi. Walipoambiwa "katia mama wa mutu sumu" wakaokota mawe. Watu waliokuwa wanatoa tope pamoja naye tangu asubuhi. Mwanamke mmoja alipiga kwa kiatu chake, kisha akakipangusa, akakivaa.

Ya mwisho ilimpata jichoni. Sauti yake si ya mfupa. Hapo ndipo niliposikia mtu anapiga kelele "Acheni! Acheni!" nikajua ni mimi. Nilikuwa nimeingia kwenye maji mpaka magotini. Nilimwangukia Darius, nikapigwa jiwe moja la mgongo. Wakaacha, si kwa ajili ya maneno yangu, ila kwa sababu walidhani amekufa.

Hakufa. Mkewe na mimi tulimweka kwenye mkokoteni wa mahindi.

Nilikula: hakuna. Nilitapika: ndiyo, na hapakuwa na cha kutapika.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Sijaona ameuliza nini kimenikata ulimi.

Jumanne, 15 Aprili

Nilikaa kiti cha dirishani, dawa inaingia, nikasema niitiwe Mélissa. Nilimpa daftari. Akasoma amesimama. Akafika 25 Februari, akakaa. Akafika 4 Machi, akasoma mara mbili. Nilidhani atalia. Alilipiga daftari kwenye chuma cha kiti mpaka ganda likachanika.

"Mulichanganya. Wote tisa. Muzee, unajua umefanya nini? Miaka miwili nimetafuta ruhusa ya kazi hii. Kama jani linasaidia, sasa siwezi kujua. Kama halisaidii, siwezi kujua. Madaftari yote tisa ni ya kutupa."

"Hakuna aliyetaka kudanganywa, binti."

"Na Adélaïde? Uvimbe wake ulikuwa umeanza kupungua, muzee. Niliona picha zake za Januari. Sikuahidi kwamba angepona, hakuna anayeweza kuahidi. Lakini ulikuwa unapungua."

Nilitafuta utani. Nilitafuta kila mfuko.

Akaniambia Darius yuko chumba cha chini, jicho la kushoto limetolewa, mbavu nne zimevunjika, atatoka Jumatatu ya tarehe ishirini na nane. Mashamba mengine yote yana maji, amesema atarudi kuchuma palepale Buterere. Na mimi nilijua kitu ambacho yeye hakukijua. Vijana wa gereji walikuwa wamesema mbele yangu, wakipakia mafuta: akitoka, tutamngojea njiani, safari hii hatutadhani.

Polisi walimweka Maxime ndani siku mbili, wakamwachia. Hakuna shahidi aliyejitokeza. Shahidi alikuwa Buyenzi anakula uji.

"Utamwambia Maxime, au nimwambie mimi?" Mélissa akauliza.

Alinirudishia daftari. "Hili silihitaji. Ila wewe unalihitaji."

Jumamosi, 26 Aprili

Leo ilikuwa siku ya kupunguza matanga ya Mama Maxime. Wenyewe wanaweka chungu cha pombe katikati, mkubwa wa ukoo anasimama anasema: mwenye neno lolote juu ya marehemu alitoe sasa, likizikwa leo lisifufuliwe. Kwa kawaida watu wanasema alikuwa mwema, wanakunywa.

Chungu kilikuwa kilekile. Nilikijua kwa ufa wa mdomoni.

Mjomba alisimama, akauliza. Nikainuka na fimbo yangu, mkono mwingine nimebeba chupa ya mubirizi. Ilikuwa ya mwisho ya mwezi wa tatu, nilikuwa nimeificha chini ya kitanda.

"Mimi nina neno."

"Sema, Patroni," Maxime akasema. Alikuwa amelewa kidogo. Spana iko mfukoni.

Nikafungua chupa. "Hii ni ile aliyokunywa mama yako. Majani ya Darius, chungu hiki hiki." Nikanywa. Yote. Ilikuwa imechacha, ilishuka kama msumeno. Nikafungua mdomo waone, kama alivyofungua Darius. "Tisa tulikunywa. Wanane tuko hai. Hakuna sumu."

"Basi nini kilimuua?"

Nikafungua daftari. Nilivaa miwani ya Sijaona. Nilisoma 4 Machi, neno kwa neno, na kile kicheko. *Unarudi kule kufanya nini? Niachie kile kiti chako cha dirishani.* Nikasoma 11 Machi. Mvua ndogo ilianza, hakuna aliyeondoka.

"Aliacha shimio," nikasema. "Wiki nne. Mimi nilijua. Mimi ndiye niliyemtania mpaka akaacha, na baadaye nilipoona amefanya kweli, nikacheka tena. Darius alisema arudishwe kwa madaktari. Nikamfunga mdomo. Na siku ile Buterere mlinitazama, sikusema."

Sikumwona akija. Ngumi ilinipata mdomoni, nikaanguka juu ya mirija. Akanipiga teke la ubavu, lingine, watu wanapiga yowe, mimi nahesabu kama mtu anayehesabu bolti. Meno mawili yalitoka nikayatema. Akanikalia kifuani, akainua spana. R iko juu yangu na mvua nyuma yake. Sikufunga macho. Nilitaka aniue, na nilitaka asiniue, yote mawili kwa nguvu sawa.

"Mi nilikuwa namushusha mlangoni," akasema. "Kila Jumanne. Namushusha mlangoni, naondoka."

"Unaondoka kwenda kazini. Alipita geti la nyuma. Alisema nisikwambie, utambeba mgongoni."

"Ningemubeba!" Alipiga kelele ile mpaka mishipa ya shingo ikasimama. "Patroni, ningemubeba!"

Spana ilishuka. Ilipita sikio langu ikapiga chungu. Kikapasuka vipande, pombe ikaenda uani kote, ikanipita chini ya mgongo. Maxime alilala kifuani kwangu, mzito kama injini, analia na kunitukana. Sikumwondoa. Ubavu wangu ulikuwa umevunjika, kila kilio chake kiliuchoma, na sikumwondoa.

Jumatatu, 28 Aprili

Darius ametoka hospitali. Njiani hapakuwa na mtu. Maxime alijipeleka polisi asubuhi, na spana.

Nilikula: uji, kwa mrija. Sina namna nyingine.

Jumanne, 6 Mei

Mvua zimekatika. Vumbi limerudi Buyenzi kama ndugu asiye na aibu.

Mélissa ataanza upya, watu wengine, na kila mmoja atakunywa mbele yake peke yake. Mimi simo. Bado nakwenda shimio. Daktari anasema ile nati yangu ya tumboni imelegea kidogo, asijue mtu kama ni shimio peke yake au jani lilitembea pembeni yake. Sitajua hadi nife. Hiyo nimejitengenezea mwenyewe.

Leo mchana, nimerudi tu kutoka shimio, Darius alikuja. Sikumwita. Alisimama mlangoni na kitambaa jichoni, gunia kichwani, anapeleka majani Kamenge. Nilimkaribisha kigoda. Hakukaa. Sijaona alileta chai ya maziwa, kikombe kimoja kwa mgeni, kimoja kwangu. Nilichukua cha mgeni nikampa kwa mikono miwili.

Nikasema, "Mbuzi yuko salama?"

"Mmoja."

Kikombe kilibaki kati yetu, moto wake unanichoma vidole. Alinitazama kwa jicho lililobaki. Yule mtu aliyekuwa akionja hata pasipo mtu wa kumwangalia.

"Onja we kwanza, muzee," akasema.

Nikaonja. Nikameza, nikafungua mdomo wangu wenye mapengo mawili, nikakaa hivyo mpaka alipotosheka.